Madawati Yenye Jina Lako

Mwanangu Nsimire,

Ukirudi kutoka Birere kuwaaga shangazi zako, utapita hapa atelie kunisalimu kama kawaida yako, na utaona sakafuni sehemu nne safi zisizo na vumbi la mbao. Hapo ndipo ilipokuwa imesimama mashine ya randa ya Papa Kambale. Amekuja kuichukua leo baada ya misa. Ameifunga kwa kamba juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameisukuma hadi kwake upande wa pili wa barabara, na hakusema hata kwaheri. Mama yako alimletea chai, akaikataa. Papa Kambale wetu, mtu wa Butembo ambaye tangu nimjue hajawahi kukataa chai ya mtu yeyote, hata ile ninayoipika mwenyewe na ambayo wewe unaiita maji ya kuoshea brashi!

Sasa ni saa tisa mchana. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi na tayari nimeharibu karatasi mbili. Usiucheke mwandiko.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Rumangabo kuanza kazi ya ualimu. Mambo ya blanketi, ya baridi ya kule, ya kuchemsha maji na ya kutokuwa barabarani jua likizama, mama yako ameshayasema mara nne, na mara ya tano atayasemea mlangoni mwa gari. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa siku tatu nzima. Nalisema hapa ili usije ukalikuta peke yako mbele ya watoto. Darasani mwako kuna madawati yaliyovunjika, na yana jina lako.

Sitanii. NSIMIRE, herufi kubwa, rangi nyeusi, ubavuni. Nimeyaona Alhamisi kwa macho yangu mawili, na mpaka sasa sijaamini vizuri nilichokiona, ingawa mimi ndiye niliyekifanya.

Unajua jina hilo lilivyoingia kwenye mbao. Ulipozaliwa nilikuwa fundi wa chukudu tu, natengeneza magurudumu na mikono ya mikaratusi chini ya plastiki, hapa hapa Ndosho, juu ya mawe haya meusi. Tulikupa jina la mama yangu, ambaye tulimzika Bukavu miezi miwili kabla hujazaliwa. Nilikuwa na furaha na huzuni pamoja, sikujua niziweke wapi, nikaenda kwa fundi wa vyuma nikamwomba anitengenezee chapa ya herufi saba. Herufi zilitakiwa zikatwe kinyume ili zitokee sawa, na yule bwana akazikata kinyume zote isipokuwa S. Ndiyo maana kila kitu nilichokichoma chapa tangu siku ile kina S inayotazama nyuma. Ulipoanza kujua kusoma ulinijia unalia, unasema papa, umeniandika vibaya. Nikakuambia hiyo ndiyo alama ya kututambulisha, mtu hawezi kuiiga. Ulikubali, na mimi pia nikayaamini maneno yangu.

Tena unajua mdomo wangu ulivyo. Kwa miaka mingi madawati ya shule za serikali yalikuwa yanakuja kutoka mbali, kwenye malori, yanapita mbele ya atelie zetu huku sisi tumekaa juu ya mbao zetu ngumu za libuyu tukiwafukuza nzi. Kwenye kilio nilikuwa naongea hayo, kwenye harusi nayaongea, hata kwa padri niliwahi kuyaongea nilipotakiwa kusema dhambi zangu. Nilikuwa nasema: mtoto wa hapa akalie mbao za hapa, zilizopigwa randa na baba yake au jirani ya baba yake, na dawati likilegea, fundi yuko kona ya barabara, aitwe. Nilikuwa na haki. Nataka ushike neno hili kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kukufanya uliache. Nilikuwa na haki, na bado ni haki.

Halafu siku moja, wewe ukiwa ndiyo unaanza masomo ya ualimu, biro ya jimbo inayonunua vitu vya serikali ikatangaza kwamba madawati yatanunuliwa kwanza kwa mafundi wa hapa. Madawati mia sita, kwa fundi mmoja mwenye karatasi kamili. Karatasi kamili nilikuwa nazo mimi peke yangu kati ya atelie zote za barabara yetu, kwa vile mama yako alinisumbua mwaka mzima mpaka nikaziandikisha. Lakini lazima watu wa biro waje kuona kama atelie ina mashine na mikono ya kutosha.

Unaikumbuka siku ile ya viziti, ya kukaguliwa? Wewe ndiye uliyeosha madirisha. Atelie tano za jirani zilifungwa tangu asubuhi, na kila kilichokuwamo kikaletwa kwetu. Papa Kambale alileta mashine hiyo ya randa, akiisukuma juu ya chukudu. Wengine walileta misumeno, mabenchi, jiliwa, na wafanyakazi wao wakavaa makoti ya bluu ya kwangu. Watu wa biro walipoingia walikuta kiwanda. Walipiga picha ya kila mashine. Papa Kambale alisimama nyuma ya mashine yake mwenyewe, akaniita "Shefu" mbele yao, na jicho moja likanikonyeza.

Hiyo ni desturi yetu ya Ndosho, na sioni aibu nayo. Mdogo akitaka kubeba mzigo mkubwa, wenzake wanampa mabega, na mzigo ukifika unagawanywa. Hatukuandika popote. Papa Kambale alisema jioni ile, tukiwa tumekaa juu ya mbao na soda zetu:

"Mia sita, sisi batu sita. Kila mutu mia. Minajua kuhesabu, hata kama mwalimu alinipiga sana."

Tulicheka. Nikasema ndiyo, kila mtu mia moja. Nilisema mbele ya watu watano na mbele yako, uliyekuwa unakusanya chupa.

Marshe ile, zabuni ya madawati mia sita, tuliipata. Wiki ya pili akaja mfanyabiashara mmoja wa Birere ambaye sitakutajia jina. Si kwamba namlinda. Nikilitaja utaanza kumchukia yeye na utanisahau mimi. Alikuwa na depo nzima ya madawati, pipitre kama anavyoziita, ndani ya maboksi, yamekunjwa, kutoka nchi za mbali. Vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na juu yake karatasi yenye rangi ya mbao. Ni kufunga skrubu tu. Nikamwambia hapana, Leta, serikali yenyewe, inataka kazi ya fundi wa hapa. Akaniangalia kwa huruma.

"Papa Nsimire," akasema, "Leta inataka jina ya mutu wa hapa. Jina unayo. Pipitre minayo mi. Sasa shida iko wapi?"

Ningependa kukuambia kwamba tulikuwa na njaa, au kwamba ulikuwa mgonjwa. Hapana. Mbao za libuyu zilikuwa zimechelewa njiani kutoka Beni, hiyo ni kweli, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, hiyo pia ni kweli. Lakini ningeweza kwenda biro kuomba wiki tatu zaidi. Sikwenda. Nilipiga hesabu ya kile ambacho kingebaki mkononi mwangu peke yangu nisipogawana na wenzangu watano, nikaona masomo yako yote mpaka diploma, na bati jipya la nyumba, na nikasaini. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo, Nsimire. Nilidhani mtu akifanya jambo la namna hiyo, anahangaika kwanza na anakosa usingizi. Mimi nililala vizuri kabisa.

Tuliyafunga deponi Birere, mbali na macho ya Ndosho. Siku ya kwanza nilichukua ile chapa, nikaipasha moto kwenye makaa na kuibandika ubavuni mwa dawati. Karatasi ikajikunja, ikatoa moshi wa plastiki, ikaacha shimo bovu. Nikajaribu la pili, ikawa vile vile. Chuma chetu kilikataa, ndivyo ninavyopenda kusema sasa, lakini chuma hakikatai kitu. Mimi ndiye niliyeona na kujifanya sijaona. Nikakata herufi kwenye karatasi ngumu, wakapaka rangi nyeusi juu yake. S ilitokea imenyooka vizuri kuliko wakati wowote.

Kisha uongo. Papa Kambale nilimwambia biro imebadili mawazo, imekata komande, oda yake ya mia sita, wamebakiza madawati ishirini. Nikampa hayo ishirini ayatengeneze, akashukuru! Akayatengeneza kwa libuyu, ulimi na tundu, bila msumari mmoja, na nikayachoma chapa yetu mbele yake. Wale wanne wengine niliwapa pole na soda. Wewe na mama yako niliwaambia kazi kubwa inafanyika Birere kwa sababu hapa ni padogo. Na ili maneno haya mawili yasikutane barabarani, niliwakataza kuitaja kazi ile mbele ya majirani. Nilisema majirani wana wivu. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, "Papa Kambale, wivu?" Nikakukaripia. Naomba msamaha kwa kila kitu kilichomo kwenye barua hii, lakini kwa karipio lile naomba mara mbili.

Mashine yake aliiacha hapa. Alisema ninayo nafasi kubwa zaidi na yeye atakuwa anakuja kuitumia. Kwa miaka mitatu alikuwa anavuka barabara kila asubuhi kuja kupiga randa mbao zake hapa, ananisalimu, ananiulizia masomo yako. Nilizoea. Mtu anazoea kila kitu, na mimi nilizoea haraka.

Basi wiki iliyopita ukaja na karatasi ya kazi. Ulisimama pale mlangoni ukasoma kwa sauti, jina la shule, Rumangabo, darasa la tatu. Kikombe kikaniponyoka. Wewe na mama yako mlicheka, mkasema papa amezidiwa na furaha. Shule ile ilikuwa kwenye orodha yangu. Nilijua imepata madawati themanini. Sikujua yako katika hali gani, na niliomba Mungu, usinicheke, niliomba Mungu ailinde karatasi na gundi.

Alhamisi niliposema naenda kukutafutia chumba, nilikwenda shuleni kwanza. Direkta wenu, mwalimu mkuu, ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kutosha kanisa zima. Utampenda. Alinipokea vizuri, kama mzazi wa mwalimu mpya, akanitembeza. Tulipoingia darasa la tatu nilitaka kukaa, maana miguu ilikuwa imechoka na safari.

"Papa, usikale pale!" akapiga kelele. "Ile itakuangusha!"

Nikaangalia. Mvua ya kule hupiga kwa upande, na madirisha hayana vioo. Madawati yalikuwa yamevimba kama mkate uliolowa. Mengine yamelala kifudifudi, mengine hayana meza, yamebaki miguu. Kando ya ukuta walikuwa wamepanga mawe, na kwenye mawe hayo walikaa watoto, madaftari juu ya magoti. Walisimama wote kunisalimu. Na kila nilipogeuza macho, jina lako. Jina la mama yangu.  Nilishika fremu ya mlango kama mzee wa miaka mia.

"Ni pipitre ya nani hizi?" niliuliza. Nilisikia sauti yangu inauliza. Niliuliza kama mgeni!

"Za NSIMIRE, si unaona? Bafundi ba Goma," akasema. "Leta ilisema tununue kwa batu betu. Tulifurahi, tulicheza hata ngoma siku zilifika. Angalia sasa. Zilimaliza mwaka moja tu! Batu betu njo banatufanyia hivi."

Kisha akanionyesha manne yaliyosimama nyuma ya darasa. Alisema hajui kwa nini haya hayavunjiki, watoto wanayagombania kila asubuhi mpaka imebidi wapeane zamu. Nikayaendea. Libuyu, ulimi na tundu. Nikapitisha kidole ubavuni, nikaigusa S inayotazama nyuma. Mikono ya Kambale. Nusura nilie mbele ya darasa la tatu.

Tulipokuwa tunatoka akachukua kalamu akaniuliza: "Na mutoto wako, mwalimu mupya, jina yake ni nani?"

Jina lako lilikuwa kwenye shule ile mara themanini. Nikasema, "Beatrisi."

Hakuwika jogoo, lakini nilimsikiliza njia nzima ya kurudi. Nilikuita jina la ubatizo, ambalo hakuna mtu anayekuita isipokuwa padri, kwa sababu sikuweza kutamka lile nililolipigia kelele miaka yote. Kesho utakapojitambulisha kwa jina lako, direkta atashtuka, ataangalia madawati, ataangalia uso wako. Sasa unajua kwa nini.

Nilirudi nikiwa nimeamua kunyamaza. Ndiyo, hata baada ya kuona. Nilifikiri nitakwenda kimya kimya na misumari yangu, nirekebishe ninayoweza, nawe nitakuambia ni watu walioiba chapa yangu. Uongo wa tatu ulikuwa tayari. Nashangaa jinsi ulivyokuwa umekamilika, kama kitu nilichokuwa nimekinunua dukani.

Ijumaa akaingia Papa Kambale akiwa amekasirika hadi mate yanaruka. Alikuwa amepita biro kuuliza habari za marshe mpya.

"Papa Nsimire, unasikia mambo? Banafunga mulango! Banasema bafundi ba hapa habajue kazi, ati pipitre yetu yote ilivunjika mu mashule. Komande ingine inaenda kwa kampuni ya mbali. Yetu gani ilivunjika? Mi nilifanya makumi mbili, hata moja haivunjike! Banatusingizia!" Akanishika bega na kunitajia Jumanne. "Mardi batatupokea, sisi mafundi bote. Weye njo unajua kusema. Utasimama mbele, utabaambia."

Nsimire, sijawahi kupigwa na umeme, lakini nadhani ni vile. Madawati ambayo hakuna fundi wa hapa aliyeyagusa yamekuwa ushahidi kwamba mafundi wa hapa hawajui kazi. Na ushahidi huo una jina lako. Atelie zile tano, wale watu waliofunga milango yao siku nzima ili nionekane mkubwa, mlango waliofunguliwa baada ya miaka ya kelele zangu, mimi ndiye niliyeufunga, kisha ndiye wanayemwomba akaufungue kwa maneno. Na alinishika bega! Bado nalihisi.

Leo baada ya misa nilimsubiri nje ya kanisa nikatembea naye mpaka hapa, nikamwambia yote. Nilimwambia maboksi, depo, mia moja yake ambayo hakuipata. Nilitegemea ngumi. Hakupiga wala hakutukana. Alikaa kwenye lile gogo la mbele ya mlango, kofia mkononi, akauliza jambo moja.

"Siku ile ya viziti, mashini yangu balipiga foto?"

Nikasema ndiyo.

"Basi na mi niko mule ndani," akasema. "Mu uongo yako, na mi niko."

Akaivaa kofia yake. Kisha akasimama, akaenda kuleta chukudu. Alipomaliza kufunga kamba akasema bila kuniangalia: "Mardi minaenda. Weye ukuje ao usikuje. Lakini ile maneno, hakuna mutu mwingine atakusemea."

Nitakwenda. Jumanne nitasimama mbele kama walivyotaka, nami nitasema. Nitapeleka kipande cha dawati la boksi na nitaomba waende kuyaona yale ya Kambale yaliyosimama. Wanaweza kufuta jina langu kwenye orodha, na watakuwa wamefanya vizuri. Wanaweza kunifunga, mama yako anajua, nilimwambia leo saa sita. Alikaa muda mrefu akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Ninachoogopa zaidi ya jela ni waseme: unaona, tulisema hawa watu wa hapa ni wezi, na mlango ubaki umefungwa. Hilo linawezekana kabisa. Nitakuwa nimesema ukweli na Kambale atabaki bila kazi. Sina la kukufariji hapo.

Kuna kitu nimekielewa nikiwa nimechelewa, nikupe hivyo hivyo kilivyo. Nilipokuwa napiga kelele nilisema siku zote "sisi". Sisi wa hapa, tupewe sisi. Nilipopewa, ile "sisi" ilinidumu wiki moja. Sikuona hata ilipopotea. Wewe utakuwa mwalimu, utaaminiwa na ufunguo wa stoo, na chaki, na michango ya wazazi, kisha siku moja utakuwa direkta, nakujua. Kuna siku mtu atakuja, mtu mwenye adabu, akuambie hahitaji kitu kwako isipokuwa jina. Muulize anataka kuliweka juu ya kitu gani, na uende ukakiangalie kabla hujajibu. Mimi nilikiangalia, na nilinusa hadi moshi wake, nikajibu ndiyo.

Diploma yako ni yako. Usije ukaianza fikra hiyo ya kwamba imeharibika. Ulikesha na vitabu wewe, mitihani ulifanya wewe. Kilichoharibika ni changu, nami nitakibeba.

Sasa sikiliza. Ndani ya sanduku lako, katikati ya yale mashuka mawili mapya, utakuta kitu kizito. Mama yako alitaka kukitoa akidhani nimekosea. Ni ile chapa. Sitakaa nayo tena. Jumamosi, kama hawajanizuia, nitapanda gari nije na mbao za libuyu, na nitaanza na darasa lako, mstari wa mbele, watoto watoke kwenye mawe. Nitakuja kila Jumamosi mpaka mabovu yote yaishe, na baada ya hapo shule nyingine, hata kama nitazeeka njiani. Wewe utayakalia, utayatikisa, utawarukisha watoto juu yake. Ukiona dawati limesimama vizuri, azima makaa kwa mama wa jikoni, uchome jina lako mwenyewe. Ukiona halifai, au usipotaka jina lako liwe tena kwenye kitu chochote kilichotoka mikononi mwangu, acha chuma kibaki kwenye mashuka. Sitauliza.

Nitapiga hodi mlangoni mwa darasa kama fundi yeyote, na sitakuita mbele ya watu. Direkta atauliza, anapenda kuuliza, fundi huyu ni nani kwako. Mimi aliponiuliza jina lako nilishindwa kulisema. Wewe utamjibu utakavyotaka, nami nitaendelea kupiga randa.

Papa yako